Bayume Mohamed Husen (1904–1944): Askari wa Kusini Aliyekwenda Kudai Ujira Wake

Katika historia ya ukanda wetu wa kusini, kuanzia Lindi na Mikindani hadi Newala na bonde la Mto Ruvuma, Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ina nafasi ya pekee. Vita hiyo iliwachukua vijana kuwa askari na wapagazi, ikala vyakula vya wananchi, na ilipokwisha iliwaacha watu wengi wakijiuliza ni nani atakayewalipa kwa jasho na damu yao. Kati ya waliojiuliza hivyo yumo mtu mmoja ambaye jina lake leo linafahamika ndani na nje ya Tanzania, naye ni Bayume Mohamed Husen. Ingawa hakuwa Mkristo, maisha yake yanaihusu historia ya watu wa kusini, na yana funzo kwa Kanisa pia.

Kuzaliwa na Malezi

Husen alizaliwa Dar es Salaam tarehe 22 Februari 1904, wakati nchi ikiwa chini ya utawala wa Wajerumani. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa Mahjub bin Adam Mohamed. Jina la Bayume Mohamed Husen alikuja kujulikana nalo akiwa Ulaya. Baba yake alikuwa askari mwenye asili ya Sudan. Askari wa aina hiyo waliletwa kwa mara ya kwanza na Hermann von Wissmann mwaka 1889, alipowaajiri huko Misri ili kuwapiga wananchi wa pwani waliokuwa wamesimama pamoja na Abushiri. Baba yake Husen alipanda ngazi hadi akawa efendi, cheo cha juu kabisa ambacho Mwafrika aliweza kukifikia katika jeshi hilo.

Ili kuyaelewa maisha ya mtoto huyu, ni vema kufahamu maana ya uaskari kwa nyumba kama yake. Kabla ya mwaka 1914 askari wa Kijerumani alipata mshahara uliozidi kwa mbali ule wa kibarua wa shambani. Alipostaafu aliweza kufikiriwa kuwa tarishi wa boma, msimamizi wa mashamba ya walowezi, au hata kupewa madaraka juu ya vijiji. Utumishi wa jeshi ulikuwa njia ya kuelekea maisha ya raia yenye heshima. Ni kweli kwamba heshima hiyo ilijengwa juu ya mateso ya wengine, kwani askari hao hao ndio waliotumwa kuizima Vita ya Maji Maji ya 1905 hadi 1907, iliyoleta njaa na vifo vingi katika nchi ya kusini. Hata hivyo, kwa mtoto wa efendi, ahadi ya utumishi ilionekana kuwa wazi na ya hakika: atumikiaye kwa uaminifu hatasahauliwa.

Mtoto huyo alijifunza Kijerumani mapema, na kabla vita haijaanza alikuwa tayari akifanya kazi ya ukarani katika kiwanda mjini Lindi. Kazi hiyo inatuonyesha mtoto mwepesi wa kushika mambo, ambaye angeweza kwenda mbali kielimu kama nyakati zingemruhusu.

Utumishi wa Jeshi na Mapigano ya Mahiwa

Vita ilipoanza mwaka 1914, baba na mwana waliingia wote katika jeshi la Wajerumani. Mahjub alikuwa na umri wa miaka 10. Umri ambao mtoto wa leo yuko shule ya msingi, yeye aliutumia akitembea na jeshi. Miaka minne ambayo ingempa elimu na cheti ilimpa mwendo mrefu, njaa na milio ya risasi.

Mwezi Septemba 1916 Waingereza waliiteka Mikindani na Lindi kutoka baharini, na mwaka uliofuata vita ikasogea bara. Kati ya tarehe 15 na 18 Oktoba 1917 majeshi mawili yalikutana Nyangao na Mahiwa, nyuma ya Lindi. Upande wa Waingereza walikuwapo pia askari wengi wa Kiafrika, wakiwemo wa brigedi iliyotoka Nigeria. Siku hizo nne zilikuwa za umwagaji damu mkubwa kuliko karibu mapigano yote ya vita hiyo katika Afrika Mashariki. Waingereza walipoteza zaidi ya watu 2,000 waliouawa na kujeruhiwa, na Wajerumani walipoteza mamia ambao hawakuweza kupata wa kuwarithi. Waafrika walipigana na Waafrika kwa ajili ya wafalme wawili wa Ulaya.

Katika mapigano hayo Mahjub, akiwa na miaka 13, alijeruhiwa na akaangukia mikononi mwa Waingereza kama mfungwa wa vita. Kamanda wake, Paul von Lettow-Vorbeck, alirudi nyuma kupitia Chiwata na Newala akiwaacha wagonjwa na majeruhi wengi, na tarehe 25 Novemba 1917 akauvuka Mto Ruvuma huko Ngomano na kuingia Msumbiji. Mwaka mmoja kamili baadaye, tarehe 25 Novemba 1918, alisalimisha silaha huko Abercorn, mji ambao leo unaitwa Mbala, nchini Zambia. Yeye alipokelewa kwao kama shujaa. Askari wake walirudi vijijini wakiwa na karatasi za madai, na wengine hata karatasi hizo hawakuwa nazo.

Baada ya Vita: Kutafuta Riziki

Waliotoka vitani walikuta nchi imebadilika. Waingereza walichukua utawala wa Tanganyika, na mambo mengi ambayo askari alikuwa amejifunza yalipoteza thamani kwa mara moja. Kijerumani hakikuwa tena lugha ya ofisi. Sifa njema iliyoandikwa na ofisa wa Kijerumani haikumsaidia mtu mbele ya Bwana Shauri Mwingereza. Wapo waliochukuliwa katika jeshi la Waingereza la KAR, kwani kikosi cha sita cha jeshi hilo kiliundwa kwa sehemu kubwa kutokana na askari wa Kijerumani waliotekwa. Wengine walipata kazi ya ulinzi wa majumba na maghala. Wengi walirudi shambani.

Hali ya wapagazi ilikuwa mbaya zaidi. Makumi ya maelfu yao walikufa kwa maradhi, njaa na uchovu, na ujira wa wengi waliokufa au kutawanyika haukuwafikia ndugu zao. Jina la Kariakoo mjini Dar es Salaam limebaki kuwa ukumbusho wa jeshi hilo la watu waliobeba mizigo ya vita kichwani.

Si wote walioshindwa. Kleist Sykes, aliyezaliwa Pangani mwaka 1894, naye alikuwa mtoto wa askari aliyeletwa na Wissmann, na yeye mwenyewe aliitumikia Ujerumani vitani. Baada ya vita alipata kazi katika shirika la reli, na mwaka 1929 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Chama cha Waafrika, African Association, akiwa katibu wake. Mfano wake unaonyesha kwamba mtu aliyetoka jeshini akiwa na elimu kidogo, na akapata mlango mmoja wa ajira uliofunguka, aliweza kuwatumikia wenzake kwa namna kubwa.

Mahjub hakuupata mlango huo nyumbani. Aliingia baharini na kufanya kazi za utumishi katika meli mbalimbali. Mwaka 1925 alikuwa mhudumu katika meli ya kampuni ya Kijerumani iliyosafiri kati ya Afrika Mashariki na Ulaya. Kijerumani chake, ambacho Tanganyika kilikuwa hakimpi tena kazi, melini kilimpatia chakula. Hata hivyo, hakulisahau deni lake.

Safari ya Berlin

Mwaka 1929 alifika Berlin. Kusudi lake lilikuwa kudai malimbikizo ya mishahara, yake mwenyewe na ya baba yake, kwa ajili ya utumishi wao wa wakati wa vita. Alikwenda kwenye Wizara ya Mambo ya Nje, akaeleza madai yake, akajibiwa kwamba amechelewa. Muda wa kupokea madai ulikuwa umepita.

Tunaweza kuelewa uzito wa jibu hilo kwa kijana wa miaka 25. Alikuwa amevuka bahari akiamini kwamba serikali aliyoimwagia damu ikiwa bado mtoto itamtambua. Jeraha la Mahiwa halikuwa na muda wa mwisho, lakini fomu ya madai ilikuwa nao. Husen aliamua kubaki Berlin. Alipata kazi ya kuhudumia meza katika jumba kubwa la starehe lililoitwa Haus Vaterland, na mwishoni mwa Januari 1933 akamwoa mwanamke Mjerumani. Siku chache tu baada ya ndoa hiyo Adolf Hitler alishika madaraka.

Mwalimu Asiye na Cheo

Katika miaka hiyo ya 1930 Husen alipata pia kazi katika Chuo Kikuu cha Berlin, ambako Kiswahili kilifundishwa tangu mwishoni mwa karne ya kumi na tisa. Alifanya kazi chini ya Profesa Diedrich Westermann, mtaalamu mashuhuri wa lugha za Kiafrika, na aliwafundisha pia maofisa na askari polisi waliotarajia kwamba siku moja Ujerumani itarudishiwa makoloni yake. Kazi yake iliitwa usaidizi wa lugha. Wanafunzi waliisikia lugha kutoka kinywani mwake, lakini hakuwa na cheo cha mwalimu, na malipo yake yalikuwa madogo.

Hakuwa Mswahili wa kwanza kupita njia hiyo. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye anakumbukwa kwa maandiko yake juu ya desturi za Waswahili, alifundisha Berlin kuanzia mwaka 1900, akadharauliwa na baadhi ya wanafunzi wake, akaacha kazi hiyo mwaka 1905. Wote wawili walikuwa na maarifa ambayo chuo kiliyahitaji, na wote wawili walikosa kibali cha kuhesabiwa kuwa wasomi.

Hapa ndipo yanapoonekana madhara ya miaka ya utoto iliyopotelea vitani. Laiti Husen angalipata shule katika miaka ile, huenda angaliingia chuoni akiwa na cheti mkononi. Aliingia akiwa na lugha yake na kumbukumbu zake tu, na kwa hiyo wenye chuo waliweza kumpangia malipo walivyotaka.

Heshima Iliyokataliwa

Mwaka 1934 Husen aliomba apewe nishani iliyotolewa kwa askari wa zamani waliopigana mstari wa mbele. Wajerumani wenzake wa vita ile waliipata. Yeye alikataliwa kwa sababu ya rangi yake. Hakukubali, alijipatia nishani kwa njia nyingine, akaivaa pamoja na sare ya askari katika mikutano ya watu waliotamani makoloni yarudi.

Mwaka 1935 alipoteza kazi yake Haus Vaterland baada ya kuchongewa na wafanyakazi wenzake. Riziki yake ikazidi kutegemea mambo mawili: maonyesho yaliyowaonyesha Waafrika mbele ya watazamaji wa Kijerumani, na filamu. Alionekana katika filamu zisizopungua 20, karibu zote katika nafasi ndogo za mtumishi, mpagazi au askari. Mwaka 1941 alipata nafasi iliyo kubwa kiasi katika filamu ya kumtukuza Carl Peters, mtu ambaye wananchi wa nchi hii walimwita Mkono wa Damu, na ambaye serikali ya Ujerumani yenyewe ilimfukuza kazi mwaka 1897 kwa ukatili wake.

Mambo haya hayafai kufichwa. Husen aliuvaa uaskari wake katika shughuli za watu waliotaka kuitawala tena nchi yake, na alicheza katika filamu iliyompamba mtesaji wa watu wake. Msomaji anaweza kumhukumu. Lakini ni haki pia kukumbuka kwamba utumishi wake wa utotoni ndio ulikuwa cheti pekee alichokuwa nacho duniani, na kwamba watu waliokithamini cheti hicho, hata kwa unafiki, walikuwa hao tu. Mtu akinyimwa kazi ya mikono yake, huuza kumbukumbu zake. Vita ya pili ilipoanza mwaka 1939 aliomba tena kuingia jeshini, akakataliwa.

Kifungo na Kifo

Mwaka 1941 Husen aliacha kazi ya chuo kikuu. Mwaka huo huo alikamatwa na polisi wa siri kwa sababu ya uhusiano wake na mwanamke mweupe ambaye hakuwa mke wake. Mbele ya Mungu uzinzi ni dhambi kwa mtu wa rangi yoyote, na katika jambo hilo hatuwezi kumtetea. Polisi waliomkamata, hata hivyo, hawakujali ndoa yake. Kosa waliloliona ni ngozi yake. Hakufikishwa mahakamani. Alipelekwa moja kwa moja katika kambi ya mateso ya Sachsenhausen, kaskazini ya Berlin, na huko akafa tarehe 24 Novemba 1944, akiwa na umri wa miaka 40. Ujira wake ulikuwa haujalipwa.

Askari Wawili wa Kaisari Mmoja

Katika kambi hiyo hiyo ya Sachsenhausen alikuwa amefungwa, tangu mwaka 1938 hadi 1941, mtu mwingine aliyekuwa mpiganaji wa Kaisari. Huyo ni Mchungaji Martin Niemöller, ambaye Walutheri wengi wanalijua jina lake. Katika vita ya kwanza alikuwa ofisa wa jeshi la majini na kamanda wa nyambizi. Mwaka 1919 aliacha jeshi, akajaribu kazi ya shamba, kisha akasoma teolojia huko Münster, na katika siku za shida alifanya kazi ya mikono kwenye reli ili ailishe familia yake. Mwaka 1924 alibarikiwa kuwa mchungaji. Alihamishiwa Dachau mwaka 1941, akaokoka, na akaitumikia dunia hadi alipofariki mwaka 1984.

Tofauti ya watu hawa wawili haikutokana na ushujaa. Niemöller alikuwa amemaliza shule kabla ya kuingia jeshini, na alipotoka, chuo kikuu kilimfungulia mlango. Husen aliingia jeshini kabla ya kumaliza shule, na alipotoka hapakuwa na mlango. Niemöller mwenyewe alikuja kukiri hadharani kwamba Kanisa lilichelewa kuwasemea wengine walipokuwa wakichukuliwa. Miongoni mwa wale ambao hakuna aliyewasemea alikuwamo huyu askari wa Mahiwa.

Deni Lililokumbukwa

Mwaka 1944, mwaka aliokufa Husen, Marekani ilipitisha sheria ya kuwasomesha askari wake watakaporudi kutoka vitani, na mamilioni walifaidika kwa ada za vyuo na mafunzo ya ufundi. Kwa askari wa Kiafrika waliorudi kutoka Burma na kwingineko mambo hayakuwa hivyo, na wengi wao walirudia kazi za vibarua walizoziacha.

Mwaka 1964 serikali ya Ujerumani Magharibi ilikubali hatimaye kuwalipa askari wa zamani wa Afrika Mashariki waliokuwa bado hai. Husimuliwa kwamba malipo yalipofanyika Mwanza, wazee wengi hawakuwa na vyeti, ndipo kila mmoja akapewa ufagio badala ya bunduki na kuamriwa kwa Kijerumani afanye mazoezi ya silaha. Miili yao ilikumbuka kile ambacho karatasi zao zilikuwa zimepoteza. Husen alikuwa amekufa miaka 20 kabla.

Mwaka 2007 kibao kidogo cha shaba chenye jina lake kiliwekwa kwenye njia ya waenda kwa miguu mbele ya nyumba aliyowahi kuishi Berlin, na mwaka huo huo kikatoka kitabu cha maisha yake kilichoandikwa na mwanahistoria Marianne Bechhaus-Gerst. Filamu juu yake ilifuata mwaka 2013.

Funzo kwa Kizazi Hiki

Mtume Yakobo, katika sura ya tano ya waraka wake, anafundisha kwamba ujira uliozuiliwa una sauti, na kwamba sauti hiyo humfikia Bwana wa majeshi. Maisha ya Husen ni ushuhuda wa neno hilo. Serikali iliyomchukua akiwa mtoto ilimwambia amechelewa. Mungu hana kalenda ya namna hiyo.

Katika kila usharika wapo watu waliorudi kutoka katika utumishi mgumu: wastaafu wa majeshi, walinzi wa usiku waliokuwa wapiganaji, na vijana waliomaliza mafunzo bila kupata kazi. Mara nyingi wanachohitaji ni mtu wa kuwasaidia kuandika barua ya madai kabla muda haujapita, nafasi ya kujifunza ufundi hata kama umri umesogea, na mahali pa kuketi ambapo kovu lao halidharauliwi. Usharika unaoweza kuyafanya hayo utakuwa umemlipa Bayume Mohamed Husen sehemu ya deni lake, kupitia kwa walio hai.